Nyumba Hii Haiuzwi: tahadhari inapogeuka kashfa

Ukipita Sinza, Tandika, Mbagala au Kigamboni, hutamaliza mitaa mitatu hujakutana na ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi. Ogopa matapeli." Mgeni atadhani mwenye nyumba amechoshwa na madalali. Mwenyeji hasomi hivyo. Anachosoma yeye ni kwamba mle ndani kuna mirathi iliyokwama, kuna mtoto wa marehemu aliyeonekana akimtembeza mnunuzi uani, na kuna wenzake waliokimbilia kopo la rangi kabla hawajakimbilia baraza la kata. Ukuta haumtaji mtu. Wala hausemi uongo, maana nyumba kweli haiuzwi na matapeli kweli ni wa kuogopwa. Hata hivyo mtaa mzima unajua anayesemwa ni nani, na siku akienda dukani kukopa kilo ya unga kuna atakayemtazama mara mbili.

Huo ukuta ni tahadhari ya kizamani. Ya kisasa inakaa kwenye simu: picha ya mtu, alama nyekundu usoni, neno TAHADHARI kwa herufi kubwa, kisha mistari mitano inayoishia na "sambaza kwenye magroup yote". Wamesambaziwa hivyo madada wa kazi, mafundi, waendesha bodaboda, mawakala wa fedha za simu, wapangaji waliohama usiku na vijana walioacha kazi. Pamoja na mtindo huo imeenea imani kwamba anayeonya hakashifu: ukianza na neno "tahadhari", ukapachika "inadaiwa" mahali fulani, sheria haikugusi. Waliosikia juu juu habari za marekebisho ya sheria ya habari ya mwaka 2023 wanaongeza kuwa siku hizi kashfa si kosa tena. Upande wa pili wapo wenye fedha na mawakili wao, wanaoamini kinyume chake: kila onyo linalowagusa ni kashfa, na kila aliyeonya aburuzwe mahakamani.

Pande zote mbili zinakosea, na zinakosea mahali pamoja. Zinadhani mahakama inauliza kama maandishi yale ni onyo au si onyo. Haiulizi hivyo. Inauliza kwanza maneno yale yanamfanya msomaji amdhanie nini mtu aliyetajwa. Likishajibiwa hilo, linakuja swali la pili lililo mbali kabisa na la kwanza: je, mwandishi alikuwa na haki ya kumwambia msomaji yule jambo lile? Hoja yangu ni kwamba kwenye swali la kwanza majaji na mahakimu wetu wasimkope msomaji wa Kiingereza wa karne ya 19, kwa sababu msomaji wa Dar es Salaam hufumbua fumbo kwa wepesi ule ule anaosomea sentensi iliyonyooka. Kwenye swali la pili, wawe na mkono mpana zaidi kwa anayeonya kwa nia njema. Tukikazana kwenye la kwanza na kulisahau la pili, tutawaumiza wasio na kosa na papo hapo kuwaziba midomo wanaotuokoa.

Hili la 2023 tulimalize upesi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Machi 28, 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania na wenzake, ilisema vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vikiwamo vya kashfa, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Miaka minne baadaye Bunge likauondoa upande huo wa jinai. Kilichoondoka ni pingu; kesi ya madai imebaki pale pale, na kesi ya madai ndiyo yenye mabilioni. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamuru Cyprian Musiba na wenzake wamlipe Bernard Membe, ambaye sasa ni marehemu, shilingi bilioni 9 kwa kumkashifu. Na hata jinai haijahama na vyombo vyote: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 bado kinamsubiri anayechapisha mtandaoni jambo analojua ni la uongo kwa nia ya kukashifu. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Sasa maana. Sheria yetu ya madai ya kashfa kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, iliyoingia nchini kupitia sheria ambayo leo ni Sura ya 358, inayosema kanuni za kimahakama za Uingereza kama zilivyokuwa Julai 22, 1920 zitumike hapa. Kabla ya tarehe hiyo Waingereza walikuwa wameshaamua kesi za tahadhari zilizochapishwa, na iliyo maarufu kuliko zote ni ya mwaka 1882. Watengenezaji bia wa Chichester, Henty na wanawe, waligombana na meneja wa tawi moja la benki ya Capital and Counties aliyekataa kulipa hundi za matawi mengine. Wakawaandikia wateja wao waraka mfupi: hatutapokea malipo kwa hundi za tawi lolote la benki hii. Habari zikavuma, watu wakaikimbilia benki kutoa fedha zao. Benki ikashitaki, ikashindwa. Bunge la Mabwana, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho, lilisema kwa wingi wa majaji kwamba maneno yale hayana kashfa: mfanyabiashara anaweza kuwa na sababu nyingi za kukataa hundi, na msomaji mwenye busara hawezi kurukia hitimisho kwamba benki imeishiwa.

Irudie hiyo polepole. Wasomaji wenyewe walikuwa wamesharukia hitimisho hilo, tena kwa miguu, hadi kwenye dirisha la benki. Mahakama ikawaambia hawakuwa wasomaji wenye busara. Jaji mmoja, Lord Penzance, alikataa kwenda na wenzake, na kila nikiisoma kesi hii naona ni yeye aliyewahi kusimama kwenye foleni ya benki.

Mwaka 1897 ikaja nyingine inayofanana mno na matangazo tunayoyaona magazetini. Kampuni ya bima iliwaandikia wateja waliokuwa wakihudumiwa na wakala wake, Lord William Nevill, kwamba uwakala wake umefungwa na wakurugenzi. Akasema maneno yale yanawafanya watu wadhani amefukuzwa kwa ubaya. Akashindwa: haitoshi, walisema majaji, kwamba mtu mmoja hapa au pale anaweza kuyaelewa vibaya. Mkondo huo ukafika hadi miaka ya 1960 kwa kesi ya John Lewis na kampuni yake ya Rubber Improvement. Desemba 1958 magazeti mawili ya London yalikuwa yameripoti kwamba polisi wanaohusika na ulaghai wanawachunguza. Mabaraza ya wazee wa mahakama yakawapa fidia ya zaidi ya pauni 200,000 kwa jumla, Mahakama ya Rufaa ikaifuta na kuagiza kesi isikilizwe upya, na Mabwana wakakubaliana nayo: kusema mtu anachunguzwa si kusema ana hatia. Lord Devlin aliongeza angalizo ambalo hunukuliwa mpaka leo, kwamba anayetaka kuzungumza juu ya moshi itabidi achague maneno kwa uangalifu sana ili asieleweke kuwa anasema na moto upo, lakini inawezekana.

Inawezekana, kwa Kiingereza. Sisi tumelelewa na methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tumelelewa pia na nyingine iliyo mtihani kamili wa kisheria kuliko yote niliyoitaja: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mwanamke wa Temeke hachagui kanga kwa rangi peke yake. Anachagua jina lake, anaianika kambani siku anayotaka ionekane, na jirani aliyekusudiwa hahitaji kutajiwa. Kwenye taarab mtu akinyanyuka kutunza ubeti fulani akiwa amemkazia macho mwenzake wa meza ya pili, ukumbi mzima umeshaelewa kijembe kimepigwa wapi. Hii si tabia ya watu wachache wenye akili chafu ambao sheria inaweza kuwaweka pembeni. Ndivyo Kiswahili kinavyofanya kazi. Kwa Mwingereza wa 1882 maana iliyofichwa ilikuwa kitu cha ziada, cha kuthibitishwa kwa ushahidi maalumu. Kwa msomaji wa Magomeni maana iliyofichwa ndiyo mara nyingi maana ya kawaida.

Na sheria yenyewe inaruhusu kuliona hilo. Sura ya 358 haikutuletea kanuni za Kiingereza kama mzigo uliofungwa kamba. Inasema zitatumika kwa kadiri hali ya nchi na wakazi wake inavyoruhusu, na kwa marekebisho ambayo mazingira ya hapa yatayahitaji. Mawakili wetu wamezoea kuinukuu sehemu ya kwanza ya kifungu na kuiacha hiyo ya pili. Ninachodai hakihitaji Bunge kukaa. Kinahitaji hakimu kujiuliza swali la mahali alipo: mtu wa kawaida wa hapa, anayesoma Kiswahili cha hapa, angeelewa nini?

Nilifanya kazi kwenye chumba cha habari miaka kadhaa. Siku moja alikuja mapokezi kijana ameshika gazeti letu la siku ile. Picha yake ilikuwa ukurasa wa matangazo, na chini yake maneno tuliyoyazoea: umma unatangaziwa kwamba mtu anayeonekana pichani si mfanyakazi wetu tena, na kampuni haitahusika na hasara yoyote itakayompata atakayefanya naye shughuli kwa niaba yetu. Kijana alikuwa na nakala ya barua yake ya kuacha kazi, na kampuni ilikuwa imeigonga mhuri kuipokea. Hakubisha neno hata moja la tangazo. Aliuliza kitu kimoja tu: "Kama niliacha mwenyewe, picha ya nini?" Mtu wa matangazo alimweleza kwa upole kwamba maneno yote ni ya kweli. Nami, Mungu anisamehe, nilikubaliana na mtu wa matangazo.

Leo sikubaliani naye. Kwa kipimo cha kesi ya Nevill tangazo lile ni safi kama maji ya dafu. Lakini hapa mjini picha ya mtu mmoja gazetini, peke yake, bila harusi, bila msiba, bila uchaguzi, ina maana mbili tu: amepotea au ameiba. Kijana hakuwa amepotea. Mfanyakazi anayestaafu hatangaziwi hivyo, na anayehamia kampuni nyingine kwa amani hatangaziwi hivyo. Msomaji analijua hilo, na kwa kulijua anaijaza nafasi iliyoachwa wazi. Hakuna haja ya kumwita shahidi aliyebobea kulieleza. Jaji akiona maana ile inabebeka, aseme inabebeka, kesi iendelee.

Kuna jambo lingine kuhusu maneno yenyewe. Chukua neno "msanii". Kamusi itakwambia ni mtu mwenye ufundi wa sanaa: mchoraji, mwimbaji, mwigizaji. Kisha andika kwenye kundi la wapangaji wa Kijitonyama, "Jamani, huyu dalali ni msanii", uone kama kuna atakayeuliza anaimba wapi. "Mpigaji" kwenye kamusi ni anayepiga. Kwenye ofisi yoyote ya Dar es Salaam ni anayekula fedha za umma au za chama. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifundisha somo hili mwaka 2019 katika kesi ya Stocker dhidi ya Stocker. Mama mmoja aliandika Facebook, kwenye majibizano na mwenzi mpya wa aliyekuwa mumewe, kwamba mwanamume yule alijaribu kumkaba koo. Jaji wa kwanza alifungua kamusi, akapima maana za kitenzi, na kwa kuwa mama yule hakufa akahitimisha kwamba "alijaribu kukaba" lazima imaanishe alijaribu kuua. Mahakama ya Juu ikasema huko ni kupotea: msomaji wa Facebook hafungui kamusi, anapita haraka, na anachoelewa ni kwamba yule bwana alimshika shingo kwa nguvu. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu, lakini inaonyesha kwamba hata wenyewe wenye kanuni wameanza kumtazama msomaji halisi.

Kwetu lilikuwapo tatizo juu ya tatizo. Kwa miaka mingi neno la Kiswahili lilikashifu mtaani, likatafsiriwa kwa Kiingereza kwenye hati ya madai, likapimwa kwa kanuni za Kiingereza, na hukumu ikaandikwa kwa Kiingereza kumhusu mtu aliyeitwa mpigaji. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama yamezungumzwa zaidi kama suala la kumrahisishia mwananchi. Kwenye kashfa yana uzito mwingine kabisa: yanamruhusu hakimu ambaye amelijua neno hilo tangu utotoni alipime bila kulivusha mto na kulirudisha.

Hata namna ya kusoma ni tofauti. Mwaka 1995 Mabwana waliamua, katika kesi ya waigizaji wawili wa televisheni dhidi ya gazeti la udaku, kwamba picha na kichwa cha habari visomwe pamoja na maelezo yake yote. Asiyesoma mpaka chini ashike lake. Nenda Mwenge au Buguruni saa moja asubuhi uwaangalie watu waliozunguka meza ya magazeti. Hawanunui. Wanasoma vichwa, wanatazama picha, wanabishana, wanapanda daladala. Wengine wameshasomewa vichwa hivyo hivyo redioni. Tahadhari yenye picha kubwa juu na ufafanuzi kwa herufi ndogo chini imewafikia wote hao kwa nusu ya juu tu. Kwenye simu ni vibaya zaidi, kwa sababu mtu anaikata picha, anaacha maelezo, anasambaza.

Wanaonipinga wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni hii: ukiipanua maana namna hiyo, nani atathubutu kuonya? Hoja hiyo haipuuziki katika mji huu. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka DECI, mchezo wa "kupanda na kuvuna" uliosimamishwa mwaka 2009 baada ya maelfu kupanda akiba zao. Wale waliokuwa wakinong'ona mapema kwamba fedha ile inatoka kwa wanaoingia nyuma walihitaji ujasiri, na sheria inayowatisha watu wa namna hiyo ni sheria mbaya. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza hadharani majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Tangazo lile liliwaharibia watu biashara, na ilikuwa sawa kabisa liwaharibie. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Onyo juu ya mkopeshaji asiye na leseni likikosa kuingia humo, sijui ni taarifa gani itaingia.

Lakini hoja hiyo inachanganya milango miwili. Kusema tangazo lina maana ya kashfa si kusema aliyelitoa ameshindwa kesi. Anapofika mlango wa pili anakuta kinga yenye masharti, nayo ni ya zamani kuliko kesi zote nilizotaja. Mwaka 1834, katika kesi ya Toogood dhidi ya Spyring, fundi seremala aliyetumwa kurekebisha nyumba ya mpangaji alituhumiwa na mpangaji huyo kwamba alivunja mlango wa chumba cha chini akalewa kinywaji alichokikuta. Mpangaji alimwambia fundi mwenyewe mbele ya mwenzake mmoja, akamlalamikia msimamizi aliyemtuma fundi, na kando ya hapo akamhadithia yule mwenzake wakati fundi hayupo. Maneno yalikuwa yale yale. Mahakama ilisema aliyoyasema kwa msimamizi yana kinga, maana msimamizi alikuwa na haki ya kuyajua; aliyoyasema kwa fundi ana kwa ana yana kinga pia, hata kama mtu wa tatu alisikia; aliyomhadithia mwenzake pembeni hayana. Nani hapa Dar hajawahi kuwa mpangaji yule?

Kipimo hicho ndicho kinachofaa tahadhari zetu. Kampuni ya bima ikiwatumia ujumbe wateja waliokuwa wakimlipa wakala fulani kwamba asipewe fedha tena, imewaambia wanaostahili kujua, na kinga iwe pana. Ikiweka picha yake kwenye gazeti linalosomwa kutoka Kyela hadi Bukoba kwa mtu aliyehudumia wateja wa Tabata peke yake, ieleze kwa nini Bukoba ilihitaji kujua. Mama anayewaonya wenzake wa jengo moja kwamba fundi fulani alichukua malipo ya awali akapotea, amesema kwa wenye haja nayo. Akiirusha picha ya fundi kwenye makundi arobaini ya watu wasiojenga, hali ni nyingine. Hapo ndipo shauri linapaswa kupiganiwa: ulimwambia nani, ulijua nini, ulijaribu kuhakikisha, ulikuwa na kisasi? Ukimshindisha mwonyaji kwenye mlango wa kwanza kwa kudai maneno hayana maana mbaya, umemwokoa mwenye nia njema na mwenye nia mbaya kwa pamoja.

Zipo hoja dhaifu pia, nazo ndizo zinazosikika zaidi. "Lakini ni kweli." Ukweli ni utetezi, ndiyo, ila unapaswa kuthibitisha kile msomaji alichoelewa, si herufi zilizoandikwa. Kampuni ya yule kijana ilikuwa tayari kuthibitisha kwamba si mfanyakazi wao tena, jambo ambalo hakuna aliyelibishia. Haikuwa na cha kuthibitisha juu ya wizi ambao kila aliyeliona gazeti aliufikiria. "Hatukutaja jina." Ukuta wa Sinza nao haukutaja. Matapeli kwa ujumla wao hawawezi kushitaki, lakini majirani wakija mahakamani na kusema walimjua anayesemwa, jina limeshatajwa. "Tumeandika inadaiwa", au ile nyingine ya "nimeituma kama nilivyoipokea": anayekariri kashfa ya mwenzake ameichapisha upya kwa mdomo wake, na gazeti lililopokea malipo ya tangazo ni mchapishaji sawa na aliyelileta.

Hofu ya kwamba matajiri watatumia kesi kuwanyamazisha wanaoonya siwezi kuifuta kwa maneno. Mwenye fedha hahitaji kushinda kesi. Anahitaji iendelee miaka minne huku wewe ukimlipa wakili. Mlango wa pili unasaidia ikiwa tu unafunguka mapema, na kwenye hilo kanuni zetu za mashauri ya madai hazina kasi. Ila kuuziba mlango wa kwanza hakumlindi mnyonge. Mara nyingi anayechapishwa picha ni dada wa kazi aliyedai mshahara wake wa miezi mitatu, na anayechapisha ni bosi wake.

Kwenye mikopo ya mtandaoni neno "tahadhari" limegeuzwa fimbo kabisa. Mtu amekopa kwa simu, amechelewa kulipa, na programu iliyonyonya orodha yake ya namba inawatumia mchungaji wake, shemeji yake na fundi gereji ujumbe kwamba fulani ni tapeli, wawe makini naye. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa karibu kumkopesha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imempa mkopaji njia ya kulalamika kwenye Tume juu ya matumizi ya namba zile na picha yake bila kungoja kesi ya kashfa. Lakini hiyo ni dawa ya taarifa kutumiwa vibaya. Jina lililovunjwa mbele ya mchungaji bado linadai shauri lake, na kwa kipimo cha fundi Toogood mkopeshaji hana mlango wa pili wa kuingilia.

Kwa wahariri, maana yake ni kwamba ukurasa wa matangazo nao unahitaji jicho la mhariri, na swali la kumuuliza mteja ni la yule kijana: picha ya nini? Likiwapo jibu, kwa mfano kwamba huyu mtu anaendelea kukusanya fedha kwa kitambulisho cha zamani, jibu hilo liandikwe na kuhifadhiwa, maana ndilo utetezi wa kesho. Kwa mawakili wa upande wa mdai, kuna karatasi moja ambayo sijawahi kusikia imeombwa mahakamani: ankara ya tangazo. Kwenye gazeti nililofanyia kazi tulitoza kwa ukubwa wa nafasi, na picha ilichukua zaidi ya nusu ya nafasi yote. Kampuni ile ingeweza kutoa taarifa yake kwa mistari minne, jina na tarehe, kwa bei chini ya nusu. Mtu fulani ofisini kwao alisaini fedha ya ziada ili uso uonekane.